Habari za Shule kutoka Ng'ambo ya Mto

Tulipokuwa tukimzika Mama Jerono kule upande wa mji mdogo wa Ziwa mwezi uliopita, simu yangu ilitetemeka mkobani wakati pasta alikuwa bado anaomba. Nilichungulia. Ulikuwa ujumbe kutoka shule anayosoma mjukuu wangu huku mtaani Munyaka, Eldoret: wazazi wajulishwe kwamba kwa sababu ya mvua kubwa watoto wa madarasa ya chini wataachiliwa mapema, na kila mtoto atangojwa getini na mtu wa nyumbani kwao. Nikairudisha simu, nikainamisha kichwa, na kabla pasta hajasema amina machozi yalikuwa yananitoka. Waliosimama karibu nami walidhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwepo, siwezi kukataa. Lakini nililia pia kwa sababu habari ya shule ilikuwa imenifikia nikiwa nimesimama kaburini, bila mtu yeyote kukanyaga tope wala kupasua koo. Siku hizi tunalalamika kwamba simu hazituachi tukapumua. Mimi sijawahi kulalamikia ujumbe wa shule. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao ujumbe huo nilikuwa mimi mwenyewe, na miguu yangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa na dada yangu mtaa wa West Indies hapa Eldoret, sina kazi. Kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi ya serikali, ndani kidogo ukitoka barabara ya Ziwa, ilikuwa inatafuta mtu wa kushika darasa la pili hadi mwalimu apatikane. Nilienda na begi moja. Nyumba ya mwalimu haikuwepo, kwa hiyo nikapewa chumba kwa Mama Jerono, mjane aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa, shamba la mahindi na binti mmoja wa darasa la nane. Chumba changu kilitenganishwa na jikoni kwa ukuta wa mbao ambao haukufika juu, hivyo moshi, harufu na maneno vyote viliingia. Asubuhi niliamshwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, kikisafishwa kwa mkaa, na sauti ya Mama Jerono akimsemesha Jerono kwa Kikalenjin, lugha ambayo mimi, mtu wa kutoka upande wa ziwa kubwa, sikuwa na hata neno lake moja. Nilijifunza nikiwa kitandani. Nilijua neno la maji kwanza, halafu kuni, halafu harakisha. Jioni tulikula ugali na mboga za kienyeji zilizolazwa kwenye maziwa, tukikaa kwenye viti vifupi kuzunguka moto, na Mama Jerono alikuwa akinitazama nikimeza mursik kama daktari anayemtazama mgonjwa akinywa dawa. "Kunywa, Atieno," alikuwa akisema. "Hiyo sauti yako inataka maziwa."

Sauti yangu ndiyo iliyoniletea kazi ya pili. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Kirwa, alikuwa mtu mpole aliyezungumza kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alikuwa akisoma matangazo ya shule mbele ya wazazi na walio nyuma hawasikii kitu. Siku moja alinisikia nikiwaita watoto wa darasa la pili kutoka ng'ambo ya uwanja, na kuanzia wiki ile matangazo yakawa yangu. Kila Ijumaa nilipanda lori la maziwa hadi Eldoret, nikapanda ngazi za ofisi ya elimu zilizonukia nta ya sakafu, nikakaa kwenye benchi hadi nipewe habari za juma: lini shule zinafungwa, chanjo ni siku gani, mtihani wa majaribio unaanza lini, ni wazazi wa darasa gani wanaotakiwa kikaoni. Siku ya soko nilisimama Ziwa kwenye jukwaa la saruji walipokusanyia mikebe ya maziwa, nikayatangaza yote kwa Kiswahili, na mama mmoja akatafsiri kwa wazee. Jumapili nikarudia kanisani baada ya ibada. Watu wakaanza kuniita Madam wa Habari. Nilikuwa mdogo, na jina lile lilinifanya nitembee nikiwa nimenyoosha shingo.

Halafu upepo ukaja. Ilikuwa mwanzo wa mvua ndefu, mchana, watoto wako nje wakila. Tulisikia mlio kama lori linapakuliwa mawe, na tulipogeuka paa la madarasa matatu lilikuwa linapaa juu ya mahindi. Hakuna aliyeumia. Lakini kuta zilizobaki zilikuwa na nyufa za kuingiza mkono, na watu wa afya walipokuja waliifunga shule nzima. Ijumaa ile nilipofika ofisini nilipewa tangazo ambalo sikulipenda: kwa muda, watoto wetu wote wangesomea shule jirani, iliyo karibu na barabara ya lami, ng'ambo ya mto.

Nikiwa bado kwenye benchi nilisikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Mlango wa ofisa ulikuwa wazi kidogo, na ndani kulikuwa na mtu mwingine akikoroga chai.

"Hiyo shule ya ndani, tuijenge tena kweli?" yule mgeni aliuliza.

"Itategemea wazazi," ofisa akajibu. "Watoto wakienda huko ng'ambo na waonekane darasani, nitaandika kwamba wapo na wanahitaji shule yao. Lakini wakibaki nyumbani kuchunga ng'ombe, nitamjengea nani? Itafungwa tu."

Sikusubiri lori la maziwa. Nilitafuta gari lingine, nikafika shuleni jua likiwa bado juu, nikamweleza Bwana Kirwa maneno yale jinsi nilivyoyasikia. Alivua miwani akaifuta kwa shati lake kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Basi, Madam, lazima wavuke. Na wewe ndiye utawaambia."

Siku ya soko nilisimama kwenye jukwaa nikasema yote, na ya ofisini nikayasema pia. Kelele zilianza kabla sijamaliza. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Sang, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata siku za jua, alisimama katikati ya mikebe na kunielekezea fimbo yake.

"Wewe msichana umetoka town. Hiyo mto unaijua?"

"Naijua, Mzee. Nimevuka mara nyingi."

"Umevuka wakati wa kiangazi! Daraja ni magogo mawili. Mvua ikinyesha huko juu, hapa chini maji inakuja kama ng'ombe imefunguliwa zizi. Watoto wangu hawaendi."

"Mzee, wasipoenda, shule inafungwa. Hawa wa darasa la nane watafanyia mtihani wapi?"

Aliishusha fimbo. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba uamuzi wa watu wengi ungeangalia mlango wa Mama Jerono, kwa kuwa ndiye aliyenilaza na kunilisha. Kama hata yeye hangeniamini, nani mwingine? Usiku ule nilimsikia kupitia ule ukuta wa mbao akiongea na Jerono, na sasa nilikuwa naelewa maneno ya kutosha. Jerono alisema anataka kwenda, anataka kufanya mtihani. Mama alisema mto. Jerono akasema mtihani tena. Halafu Mama Jerono akapaza sauti kwa Kiswahili, akijua kabisa kwamba sijalala.

"Atieno! Wewe unasema aende?"

Nilikaa kitandani gizani. Nilifikiria lile daraja, nikafikiria mlango wa ofisa ulioachwa wazi kidogo. "Ndiyo, Mama," nikajibu. "Aende."

"Basi ataenda."

Jumatatu Jerono alivuka, na nyuma yake wakavuka karibu watoto wote, hata wale wa Mzee Sang. Wakubwa waliwashika wadogo mikono. Mimi na walimu wenzangu tulikuwa tukivuka nao asubuhi, na jioni mmoja wetu anawasindikiza hadi majumbani. Wiki zikapita vizuri. Nilianza kusahau kuogopa. Kwa umri nilio nao leo nisingeweza kusahau haraka namna ile, lakini ujana una kumbukumbu fupi kwa mambo ya hatari.

Ikafika Ijumaa moja ambayo Bwana Kirwa alikuwa Eldoret kwa mkutano, walimu wawili waliobaki wanaumwa malaria, na mimi nimeenda ofisini kuchukua habari kama kawaida. Asubuhi ilikuwa na jua safi. Mchana nikiwa njiani kurudi niliona upande wa juu wa mto umekuwa mweusi kama sufuria. Mvua ilitukuta barabarani, na dereva wa lori akaniteremsha kwenye geti la ile shule ya ng'ambo kwa sababu haoni mbele. Nilikimbilia darasa la kwanza lililokuwa na mlango wazi, na humo nikawakuta watoto wetu wote wamekaa chini wameloa, wanakula githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kwa mikono kutoka kwenye sinia kubwa. Mwalimu wa zamu, mama mmoja mnene aliyeitwa Nekesa, alikuwa anawapanguza vichwa kwa pazia alilolitoa dirishani.

"Nilikuwa nimewaachilia," alinieleza, akihamia kichwa kingine. "Hakukuwa na mvua hapa kabisa. Kumbe imenyesha huko juu. Ni huyu msichana amewarudisha."

Alimwonyesha Jerono, aliyekuwa kwenye kona amemfunika mtoto wa darasa langu kwa mikono yake. Nilimwuliza kilichotokea. Alisema walipofika mtoni maji yalikuwa bado hayajagusa magogo lakini rangi yake ilikuwa imebadilika, yamekuwa mekundu, na yana majani mabichi. Aliwaambia wote wasimame. Msichana mmoja wa darasa la nne alikuwa tayari ameshaweka miguu kwenye gogo, akaogopa, akashindwa kusonga wala kurudi. Jerono alimfuata, akamvuta kwa nyuma, na katika kuvutana sweta lake lililokuwa begani likaanguka majini. Walipogeuka kukimbia walisikia magogo yakiondoka.

"Mama atanigombeza," Jerono akasema. "Ile sweta alinishonea kiwiko juzi."

Nilicheka, nikamkumbatia, na kwa dakika kadhaa sikuwa na lolote ila furaha. Kisha nikafikiria upande wa pili. Simu ya pekee kule kwetu ilikuwa ya ofisi ya ushirika wa maziwa, na Ijumaa ofisi ilifungwa mapema. Wazazi wangekuwa wameshuka mtoni kuwapokea watoto. Wangekuta magogo hayapo. Nilimwomba Mwalimu Nekesa aniache niende. Alinipa gunia la plastiki nijifunike, akamwambia mlinzi wa shule anifuate.

Tulipofika mtoni mvua ilikuwa imepungua lakini maji yalikuwa yanapiga kelele kiasi kwamba sikusikia hata miguu yangu. Upande wa pili niliwaona. Kijiji kizima, naweza kusema, kilikuwa kimesimama kwenye tope. Mzee Sang alikuwa amevua lile koti lake na wanaume walikuwa wanamfunga kamba kiunoni. Wanawake walikuwa wamemzunguka Mama Jerono, na Mama Jerono alikuwa ameshika kitu kilicholoa, amekikumbatia kifuani. Kilikuwa cha kijani, na kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi wa kahawia. Walikuwa wamekitoa kwenye matete.

Niliita. Nilipunga gunia. Mmoja wao aliniona, akaelekeza kidole, na wote wakaanza kunipigia kelele kwa pamoja, wala sikusikia neno. Niliona tu midomo. Walidhani nini kuniona peke yangu, bila mtoto hata mmoja? Mlinzi akanivuta mkono akaniambia sikioni kwamba chini kidogo mto unapanuka, na pale unapopanuka haupigi kelele. Tukakimbia kufuata ukingo, na wao upande wao wakakimbia sambamba nasi, wengine wakianguka na kuinuka. Mahali pale maji yalikuwa yametanda juu ya malisho, mapana na kimya, yanakwenda bila sauti. Nilisimama kwenye kichuguu, nikavuta pumzi, nikatoa sauti yote niliyokuwa nayo.

"Lagok!" nikasema. Watoto. Nilikuwa nimelijua neno lile kupitia ukuta wa mbao. "Lagok, komie!" Watoto wako salama.

Hakuna aliyesogea. Nadhani walihofia kwamba mimi mtu wa kuja nimekosea maneno. Kwa hiyo nikafanya jambo moja lililobaki: nikaanza kuwaita watoto kwa majina. Nilianza na wa darasa langu, kisha wa kwanza, kisha nikapanda juu. Nikisema jina nangoja, na ng'ambo ile mkono unainuka, au mama anapiga yowe, au baba anavua kofia. Jina, kisha mkono. Nilipomtaja mtoto wa mwisho wa Mzee Sang, mzee aliifungua ile kamba kiunoni, akaitupa chini, akasimama akiiangalia kana kwamba hajui ilikuwa ya nini. Jerono nilimtaja mara tatu na hakuna mkono ulioinuka. Nikapaza tena, "Mama Jerono! Jerono yuko! Anakula! Anaogopa utamgombeza kwa sababu ya sweta!"

Sauti iliyorudi ilikuwa ya Mzee Sang. "Amesikia! Amekaa chini tu! Wacha akae!"

Halafu nikasikia kicheko. Kilianza kwa mwanamke mmoja, kikaenda kwa mwingine, hadi ukingo wote wa pili ukawa unacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mimi juu ya kichuguu changu nikacheka pamoja nao hadi sauti ikakatika kabisa. Mlinzi wa shule alikuwa ameegemea fimbo yake akisema, "Asante Yesu, asante Yesu," ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja pale.

Watoto walilala darasani kwa Mwalimu Nekesa juu ya magunia, na asubuhi lori la maziwa likawazungusha hadi daraja kubwa na kuwaleta nyumbani. Mama Jerono alimgusa binti yake kichwa, mabega, mikono, kama anayekagua ndama aliyezaliwa, kisha akamwambia aende akateke maji. Aliponigeukia nilifungua mdomo kuomba msamaha, maana nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Sauti haikutoka. Nilikuwa nimeimaliza yote mtoni.

"Nyamaza," akaniambia, akinisukuma kwenye kiti kifupi karibu na moto. "Umeshasema ya kutosha. Kunywa."

Nilikunywa. Nakumbuka moshi wa kuni mbichi, na jogoo aliyeingia jikoni akitafuta punje, na Mama Jerono akipindua ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Baadaye kidogo alisema, bila kunitazama, "Ulisema aende, akaenda. Angekaa nyumbani, yule mdogo wa kwenye gogo angevutwa na nani?" Hakuwahi kulizungumzia tena, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Mimi nimelizungumza nafsini mwangu mara nyingi. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimewaambia wazazi wengi waende huku, wasiende kule, na kila mara kabla ya kufungua mdomo nimewaona wale watu kwenye tope. Sikuona kuwa ni mzigo. Niliona ni namna ya kuchukua watoto wa watu kwa uangalifu.

Nilitegemea kwamba Jumatatu hakuna atakayemtoa mtoto. Nilikosea. Jumamosi ileile Mzee Sang aliwaita wanaume, wakakata miti mikubwa, wakajenga daraja pana lenye vishikio pande zote mbili, na wakapanga zamu ya wazazi kusimama pale asubuhi na jioni. Ofisa wa elimu alipokuja kuangalia, aliwakuta watoto wamejaa madarasa ya watu hadi wengine wanasomea chini ya ukuta wa nje. Aliuliza kama ni kweli walivuka ule mto. Bwana Kirwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alijibu kwa sauti ya kusikika: "Wote, bwana. Kila siku."

Mabati yalikuja kabla ya muhula wa tatu. Sikuweza kuitangaza habari ile vizuri. Nilisimama kwenye jukwaa la mikebe siku ya soko nikasema kwa Kikalenjin changu kibovu kwamba shule imefunguliwa, na kabla sijaeleza ni siku gani, akina mama walikuwa wameshaniinua. Jerono alifanya mtihani wake ndani ya darasa letu wenyewe, akapita, akaenda sekondari. Leo ni muuguzi hapa Eldoret, na ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba mama yake amepumzika, hakuumwa muda mrefu, alikuwa amekula vizuri jioni ile.

Katika yote ya mwaka ule, ninapomkumbuka Mama Jerono simwoni mtoni. Namwona siku moja ya wiki ya kwanza baada ya kurudi shuleni kwetu, alipotuletea maziwa ya chai ya walimu na mvua ikamkuta mlangoni pa darasa langu. Ilianza ghafla, kubwa, na mlio wake juu ya mabati mapya ukawa mkubwa hadi nikashindwa kufundisha. Nikaweka chaki chini. Watoto walikuwa wameinua vichwa wote, wanatazama juu, wanangoja tone. Mama Jerono aliingia, akatua mkebe wake, akasimama katikati ya madawati, akanyoosha kiganja mbele yake kama mtu anayepokea kitu. Alingoja muda mrefu. Kisha akatugeuzia kile kiganja, mimi na watoto wote, ili tuone. Kilikuwa kikavu.